Kwa Zubeda, Kuhusu Simu Niliyoikataa

Gatsata, Alhamisi alasiri

Mwanangu Zubeda,

Kwanza kabisa napenda kukutangazia rasmi, kama wanavyotangaza redioni baada ya ule muziki wa kuamsha wafu, kwamba leo saa nane mchana mpira unaofunga simu yangu umebadilishwa. Ule mwekundu, uliotumika kwa uaminifu miaka miwili bila likizo, umestaafu. Nafasi yake imeshikwa na mpira wa kijani uliokuja umefunga fungu la mboga. Betri haichezi tena, mfuniko haudondoki. Vitufe vyote viko salama isipokuwa kimoja, ambacho nitakitaja nikikumbuka. Ndugu, jamaa na wote wanaohusika wajulishwe.

Anayehusika ni wewe peke yako.

Umeenda Busanza kumuaga shangazi yako, na ninamjua, hatakuachia mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Cherehani imenyamaza kwa sababu ngozi ya viti vya ile pikapu haijaletwa, na ninakuandikia nyuma ya karatasi ninazokatia vipimo. Ukigeuza ukurasa utakuta ramani ya kiti cha dereva. Usishangae, isome tu kama sehemu ya barua.

Kesho unapanda ndege kwenda Poland. Sitaandika habari za sweta, wala za kufua, wala za kuswali, wala za wanaume. Hayo yote shangazi yako anakuambia wakati huu huu ninapoandika, na yeye ana sauti kuliko mimi. Mimi naandika kuhusu boksi.

Jumapili ulikuja na boksi ukaliweka juu ya cherehani, katikati ya kazi.

"Mama, fungua."

"Nini hiyo?"

"Fungua kwanza, sha."

Nikafungua. Simu ya tachi, nyeusi, pana kama kigae. Kazungu, fundi wa breki wa mlango wa pili, ambaye hajawahi kuacha kitu kipite mbele yake bila kutoa maoni ya kitaalamu, akafuta mikono kwenye suruali akaja.

"Eh, Mama Yusufu, sasa umekuwa mtu. Hii kitu iko na kamera tatu."

"Tatu za nini, na mimi nina uso mmoja?"

"Moja ya kukuona. Zingine za kutafuta ule uzuri yako ya zamani."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nikafunga boksi.

"Sitaki," nikasema.

"Mama, dunia nzima inaonana. Wewe peke yako unataka kusikia."

"Dunia nzima ina macho. Masikio ndiyo yamepungua."

"Hiyo si sababu. Hiyo ni methali umeitunga sasa hivi."

Kweli niliitunga sasa hivi. Hata methali za mababu, kuna siku zilitungwa sasa hivi. Lakini wewe hukucheka tena. Ulisema, polepole: "Mama, mimi sihitaji wewe unione. Mimi ndiye nataka kukuona." Nami nikageukia cherehani, nikakanyaga pedali, sindano ikashona hewa maana chini yake hapakuwa na kitambaa. Uliona. Toka siku hiyo unaniambia "sawa, Mama" kwa ile sauti mtu anayompa polisi wa barabarani, na kesho unaondoka nayo.

Basi hili ndilo jibu langu. Limekuwa refu kwa sababu nimelikimbia muda mrefu.

Kabla sijawa mshonaji wa viti vya magari nilikuwa mlinzi wa sauti za watu. Wewe ulikuwepo ila ulikuwa mgongoni, umelala. Pale Nyabugogo kwenye stendi ya mabasi, nyuma ya maghala ya viazi, palikuwa na kibanda cha simu za nje. Kompyuta moja, vyumba vitatu vya plywood, na simu za mezani ambazo sauti yake ilipita kwenye mtandao badala ya waya. Watu walikuja na namba zimeandikwa kwenye kiganja, kwenye pakiti ya sigara, mmoja kwenye kisigino. Mimi nilibonyeza, nikawaunganisha, nikakaa nje ya plywood nikishona vifungo. Plywood ile, mwanangu, haikuzuia hata kikohozi.

Sauti ilikuwa inachelewa. Mtu anasema "Haloo", inabidi ahesabu moja, mbili, ndipo jibu lifike. Asiyengoja aligongana na jibu lake njiani. Lakini ucheleweshaji ule uliponya ndoa nyingi. Tusi lilikuwa linakwenda, na kabla halijafika, aliyelituma amekwisha kujuta na kusema samahani, kwa hiyo mwenzake anapokea tusi na samahani ndani ya bahasha moja.

Kulikuwa na mchukuzi mmoja wa magunia aliyempigia kaka yake Amerika kila Jumamosi. Hakusema karibu neno. Alikuwa anautoa mkono wa simu nje ya mlango ili kaka yake asikie makondakta wakiita Musanze, Rubavu, Huye. Dakika tatu. Kisha anaurudisha sikioni: "Umesikia?" Anangoja moja, mbili. "Haya." Anakwenda zake kubeba magunia. Sijawahi kuona simu iliyotumika vizuri kuliko ile.

Mimi nimeishia darasa la sita. Chuo kikuu changu ni ile plywood. Nilijifunza kwamba mtu akisema "niko salama" mara moja, yuko salama. Akisema mara mbili, mpe muda. Anayedanganya huvuta pumzi kabla ya kujibu swali rahisi, na kwa swali gumu hujibu haraka, kwa sababu jibu lake analo tayari toka nyumbani. Na waongo wengi si wabaya. Siku moja mama mmoja alimwambia mumewe aliyeko ng'ambo kwamba mtoto anacheza nje, na mtoto alikuwa palepale mgongoni kwake, homa inamchemsha. Alipotoka nikajitia ualimu, nikamwambia amemdanganya mumewe. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia na mlevi. "Umva, sikia, dada," akasema, "yeye yuko mbali, dawa hawezi kuleta. Nimpe homa ya nini?" Nikarudi kwenye vifungo vyangu. Lakini mtoto yule hakuwahi kuletwa tena pale kibandani, na nimemfikiria kuliko watoto wengi ninaowajua majina.

Kwa elimu yote hiyo, kaka yako alinidanganya miaka miwili nikiwa nimekaa dawati la mbele.

Unakumbuka Yusufu alipokwenda Ubelgiji kusoma. Ulikuwa na miaka kumi. Mwaka wa pili akatuma simu ya tachi kwa mtu aliyekuwa anakuja, na kuanzia hapo kila Jumapili tukawa tunaonana. Unaikumbuka friji. Hakuna mtu wa Gatsata wa miaka ile asiyeikumbuka. Milango miwili, rangi ya fedha, na mdomo wa kutoa barafu yenyewe. Yusufu alisimama mbele yake kila Jumapili, shati limepigwa pasi, anacheka. Mimi nilikuwa nazunguka na ile simu gereji hadi gereji kama mtu anayeuza karanga.

"Yusufu, waonyeshe barafu."

Anabonyeza, vipande vinaanguka kwenye glasi, kra kra kra, na mafundi wazima wenye ndevu wanapiga makofi. Kazungu akasema, "Huyo ameshafika. Sasa hata Mungu kumpata iko kazi."

Na kila Jumapili nikimuuliza hali alisema: "Niko poa, Mama. Niko poa kabisa."

Mara mbili.

Nilisikia, Zubeda. Hilo ndilo kosa ninalotaka ulijue kwa jina lake. Watu husema mama hakujua, mama masikini alidanganywa. Mimi nilijua. Masikio yangu yalinigusa bega kila Jumapili, nami nikayaambia, ngojeni kwanza, tunaangalia barafu.

Mpaka Jumapili moja akaingia mama mmoja mzee wa Kizungu nyuma yake. Akafungua friji, akatoa maziwa, akafunga, na bila kumwangalia akamwambia jambo kwa Kifaransa. Kifaransa changu ni cha kuulizia bei, lakini neno la sakafu ninalijua, na neno la bado. Sakafu ya juu ilikuwa bado. Kaka yako akainamisha macho. Picha ikapanda dari, ikazima.

Miezi minne hakupiga.

Habari kamili niliipata baadaye. Shule ilimwacha mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Friji ilikuwa ya nyumba aliyokuwa anasafisha. Jumapili wenyewe walikuwa wanatoka, naye anapiga pasi shati lake kwa pasi yao na kunipigia mimi. Kisha anarudi kulala kwenye stoo ya duka la mtu wa nyumbani, katikati ya maboksi.

Mpaka hapo unajua nusu. Nusu hii nyingine hata shangazi yako hajui yote.

Mwaka ule ule, kabla yule mama mzee hajafungua friji, mvua ilichukua nyumba yetu ya kule mtelemkoni. Wewe ulikaa Busanza miezi sita, nikakuambia jikoni panatengenezwa. Uliuliza mara moja tu jiko gani linatengenezwa miezi sita. Nikajibu haraka. Sasa unajua maana ya kujibu haraka. Hapakuwa na jikoni, mwanangu. Palikuwa na ukuta mmoja na mlango, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nacheka. Nilikuwa nalala hapa karakana, juu ya sponji za viti vya basi dogo, na asubuhi nazitandika tena kwenye viti, abiria wanakalia ndoto zangu.

Na Jumapili je? Mtoto anapiga simu ya picha toka Ulaya, nimwonyeshe nini? Hapo uani palikuwa na gari kubwa la mteja, lililoletwa kushonewa viti vya ngozi, na mwenyewe alikuwa amesafiri. Basi nikanawa uso, nikajifunga ule mtandio wa zambarau, nikaingia kiti cha mbele, nikafunga kioo ili kelele za nyundo zisiingie, nikapokea.

"Mama, hilo gari la nani?"

"La rafiki."

"Rafiki gani?"

"Wewe nionyeshe barafu."

Fikiria. Mtu na mwanawe. Mmoja analala kwenye maboksi, mwingine analala kwenye sponji, na kila Jumapili wanavaa vizuri wanakutana. Hatukuwa tunaongea sisi. Friji ilikuwa inaongea na gari.

Ile simu niliiuza wakati wa kutafuta paa jipya, na kusema kweli niliiuza nikiwa na furaha. Nikabaki na hii ya vitufe. Na Jumanne moja, nimelala chali chini ya kiti cha teksi nikivuta uzi, ikaita. Nikaangalia namba. Mimi namba za mwanzo za nchi nyingi ninazijua kwa kichwa toka Nyabugogo, lakini ile haikuwa ya nchi yoyote. Ilikuwa namba kama mtu amekalia vitufe.

"Usishike, Mama Yusufu," Kazungu akasema. "Hiyo iko ya wezi wa mtandao. Juzi walimwambia shemeji yangu ameshinda ng'ombe."

"Alimpata?"

"Alituma pesa ya kamba."

Nikashika, kwa sababu nimeambiwa nisishike. Tusi lilikuwa tayari mdomoni, zuri, la Kiswahili cha bibi yako.

"Haloo, mwizi," nikasema.

Kwa mazoea tu nikahesabu. Moja, mbili. Na nikasikia pumzi. Mtu mwingine angesikia upepo. Mimi nilijua pumzi ile toka ilipokuwa na siku moja.

Sikuuliza uko wapi. Sikuuliza kwa nini. Nikauliza, "Umekula?"

Moja, mbili.

"Hapana, Mama."

Zubeda, nilikuwa na sindano mdomoni, na nashukuru sikuimeza. Lilikuwa neno la kwanza la kweli kati yetu tangu ile simu ya tachi ilipofika.

Kisha akauliza yeye. "Na wewe unalala wapi?" Yaani alijua. Miezi yote ile alijua kwamba hakuna rafiki anayeazimisha gari kila Jumapili.

"Karakana," nikasema. "Kwenye sponji."

Moja, mbili. Ndipo akacheka, na mimi nikacheka nikiwa bado chini ya kiti, na Kazungu akawaambia wengine kwamba safari hii mwizi amekuja na vichekesho.

Alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya maktaba, kwenye huduma ya kupiga simu kwa mtandao, ile inayobeba sauti mpaka nchi ya mtu na kuiangusha kwenye simu yoyote, hata iliyofungwa mpira. Kwake ulikuwa mtandao. Kwangu ilikuwa simu inaita. Hakuna aliyemwona mwenzake. Baadaye, mambo yalipotulia, nilimuuliza: siku ile kama ningekuwa nakuangalia usoni, na mafundi nyuma yangu, ungesema hapana? Alifikiri, moja, mbili, na haikuwa mtandao uliochelewa.

"Mama," akasema, "ningekuonyesha barafu."

Leo Yusufu anaoka mikate. Amenenepa, nasikia kwenye pumzi anapopanda ngazi. Na ni yeye aliyeniandikisha kwenye hiyo huduma unayoicheka, ili na mimi niweze kumpigia. Sihitaji bando wala kioo. Napiga namba ya hapa hapa, inaanza na sifuri saba kama namba zote za simu za mkononi za nchi hii, anapokea mwanamke wa mashine mwenye Kiswahili cha taarifa ya habari, ananiomba namba ya mtu ninayemtaka. Nabonyeza moja moja, namaliza na kitufe cha reli. Anasema tafadhali subiri. Ninamwambia asante. Kazungu anasema namkuza bure yule mwanamke, hana masikio. Nimemjibu kwamba ninaowajua wenye masikio hawajawahi kuniambia tafadhali.

Nilipokwenda kuuliza jambo kwenye ofisi yao, kijana wa mezani aliyevaa tai aliiangalia simu yangu, akaangalia mpira, akasema kwa huruma, "Mama, hii huduma tuliiweka kwa ajili ya watu ambao bado hawajapata simu nzuri."

"Andika hivyo hivyo mlangoni," nikamwambia, "kwa herufi kubwa. Halafu chini yake andika: na kwa mama mmoja wa Gatsata aliyeipata, akaiuza."

Namba zenyewe siziweki kwenye simu, wewe unajua. Namba isiyokaa kichwani si ya mtu wako. Yako mpya ya huko, ile waliyokutumia shuleni, nimekwisha kuimeza.

Sasa nijibu lile neno lako, maana nimelizunguka kama paka na maziwa ya moto. Ulisema si mimi nikuone wewe, ni wewe unione mimi. Nimelifikiri siku nne. Ni neno zuri, na lingekuwa la mtu mwingine ningelikubali.

Lakini utamwona nani? Ninajijua. Ukipiga simu ya picha Jumapili, mimi Jumamosi nitakuwa natafuta mtandio wa zambarau. Nitauliza uani kuna gari gani. Kazi yangu, Zubeda, kazi iliyokulisha na kukusomesha, ni kufunika viti vilivyochanika mpaka mwenye gari mwenyewe asahau kwamba chini yake sponji imekwisha. Mtu kama mimi humpi kamera. Hata zikiwa tatu, nitazishonea kava zote. Lakini niulize kwa sauti, mahali ambapo huoni mtandio wala gari, na nitakuambia goti la kushoto linauma tangu mfungo uliopita, na kwamba uzi mweusi siku hizi nautunga kwa kubahatisha. Unaona, nimekwisha kukuambia. Kwa uso wako mbele yangu nisingesema, na kwa ushahidi, umekaa na mimi mwaka mzima na sikusema.

Watu watakushangaa huko. Watakuuliza, mama yako humwoni? Hana simu? Waambie anayo, ina mpira wa kijani, ameichagua mwenyewe akiwa na akili timamu, na kwamba simu nzuri aliletewa na mwanawe mpendwa akaikataa mbele ya mashahidi. Kama wataona ni ushamba, waache. Nimeitwa mshamba na watu waliotuma pesa ya kamba.

Ile simu utaikuta kwenye begi lako la mgongoni, chini ya sweta, na boksi lake. Usinirudishie kwa mlango wa shangazi. Itumie, au iuze huko ununue koti la kweli, si lile la mtumba lenye zipu inayofikiria.

Ninachokuomba ni kidogo, na sikuombi kwa upole. Usinitafutie friji. Sitaki kuona jengo la chuo, wala theluji, wala sahani ya chakula kabla hujaila. Mambo yakienda vizuri utaniambia na nitakuamini, mara moja inatosha. Shule ikikushinda, piga. Ukilala mahali ambapo si pa kulala mtu, piga, na mimi nimekwisha kulala kwenye basi lisilo na magurudumu, hutanishinda. Sitamkabidhi Kazungu simu. Sitazunguka nawe gereji kwa gereji. Nitauliza kama umekula, na ukivuta pumzi nitangoja. Nitahesabu moja, mbili, na ikibidi nitahesabu mpaka asubuhi ya kwenu.

Na namba ya ajabu ikiita hapa, naishika. Siku hizi nashika zote. Nimekwisha kushinda ng'ombe wawili, kiwanja, na gari, na yule wa gari nilimuuliza viti vyake vina hali gani, akakata yeye.

Ninasikia mlio wa pikipiki huko nje, huenda ni wewe, umeshiba mara mbili. Barua hii nitaichomeka ndani ya boksi la simu, maana najua utalifungua ndegeni kunilaumu.

Jumapili utakuwa umefika. Saa kumi jioni nitafunga cherehani, nitakaa kwenye kiti cha pikapu, nitaichukua simu hii hii na kubonyeza kwa kidole changu sifuri, saba, na zote zinazofuata, na sitamwomba mtu yeyote wa nchi hii, wala wa hiyo unayokwenda, ruhusa ya kuzungumza na mwanangu ninavyotaka mimi.

Mama yako,
Mama Yusufu, ambaye ni Mama Zubeda pia

Kile kitufe nilichosema nitakitaja ni saba. Hakibonyezeki tangu juzi.